Njia Imeombwa

Papa Twahiri alitembeza treni miaka thelathini na mmoja, na hakugusa breki hata siku moja. Kazi yake ilikuwa ndani ya chumba kidogo cha stesheni ya Kalemie, chumba chenye meza, simu ya kuzungusha kwa mkono, saa ya ukutani na kitabu kikubwa cha mistari. Treni ikitaka kutoka kwenda Kabalo, yeye anazungusha simu na kumwuliza mwenzake wa Niemba kama njia iko wazi. Mwenzake anaangalia, anajibu. Twahiri anaandika kitabuni saa na dakika aliyoomba njia, halafu saa na dakika aliyojibiwa, na hapo ndipo anampa dereva karatasi ya kutokea. Bila jibu hakuna karatasi. Na bila karatasi treni inakaa pale pale, hata kama imejaa watu na samaki wameanza kunuka.

Usidhani watu walimpenda kwa kazi hiyo. Dereva wa treni alipewa kuku njiani, fundi wa injini alisalimiwa mpaka sokoni, lakini mtu wa simu? Huyo alitukanwa tu. Siku moja mkubwa fulani kutoka Kinshasa, na suti yake na walinzi wake, alikaa saa tisa nzima ndani ya behewa kwa sababu Niemba haikujibu. Akaja dirishani anatoka povu: unajua mimi ni nani? Twahiri akamjibu kwa heshima zote, "Mukubwa, mimi nakujua. Niemba njo haijakujua." Wenzake walicheka wiki nzima. Yeye hakucheka, maana hakuwa anafanya mzaha.

Alikuwa na sababu zake. Mwaka wake wa tatu kazini, kijana mmoja mchangamfu aliyeitwa Pierre, mtu wa simu wa kituo kidogo kule porini, alichoka kungoja jibu akaruhusu kigari cha mafundi wa reli kipite. Upande wa pili ilikuwa inakuja treni ya mizigo. Mafundi walikuwa wanne. Twahiri alipelekwa pamoja na wengine kwenda kuwaokota, na aliporudi nyumbani alioga mara tatu, na bado mke wake Mwanne alimwona ameketi kitandani ananusa mikono yake. Tangu siku hiyo kanuni ya kazi ikaacha kuwa kanuni ya kazi, ikamwingia kwenye mifupa. Usipojibiwa, usitoke. Ukipiga simu mara tatu na hakuna anayepokea, hesabu kwamba njia imefungwa.

Hata kabla ya hapo alikuwa mtu wa kungoja. Alipomtaka Mwanne alituma barua kwa mjomba wa binti huko Ujiji, na mjomba, mtu mwenye maringo, akakaa na ile barua miezi kumi na minne. Marafiki wakamwambia Twahiri aache ujinga, amchukue binti, mjomba atajua mbele ya safari. Hakumchukua. Mwanne alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa fahari mbele ya wanawake wenzake, kwamba yeye aliolewa na mwanamume anayejua kungoja. Siku hizi halisimulii tena.

Treni zilipokuwa za kubahatisha, moja leo na nyingine Mungu anajua lini, Twahiri alistaafu. Aliondoka na kitabu kimoja cha mistari ambacho kilikuwa hakijaandikwa kitu, mkubwa wake alimwachia kama kumbukumbu. Akaweka meza ya kutengeneza saa kando ya Avenue Lumumba. Mkono wake ulikuwa mwepesi na jicho lake lilikuwa kali, na watu wa Kalemie hata walio na simu mfukoni bado wanapenda saa ya mkononi siku ya Idi na siku ya harusi. Ilikuwa kazi ya kumtosha. Alikuwa anafungua mgongo wa saa, anabana kioo cha kukuzia kwenye jicho la kushoto, na kuanzia hapo humwambii kitu mpaka amalize.

Chai yake ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Basi ugonjwa wa sukari ukaja kama unavyokuja kwa wengi, kimya kimya, ukajulikana kwa kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa kupona. Alipewa vidonge. Vikiwepo alikunywa, visipokuwepo aliomba dua, na Ramadhani alifunga bila kumwuliza mtu, ati funga inasafisha mwili. Laurette, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wao wa Kataki, alimgombeza mpaka akachoka.

Jicho la kushoto liliondoka siku ya Jumatano. Alikuwa amebana kioo anatafuta kijiskrubu, akaona kama uzi mweusi unashuka polepole. Akafuta kioo. Uzi ulikuwepo. Akafuta tena, akabadilisha kioo, na bado uzi ukaendelea kushuka na kutawanyika mithili ya wino ndani ya maji. Ilipofika adhuhuri ilikuwa moshi mwekundu, na kesho yake lilikuwa giza. Laurette alimweleza kwamba sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, imepasuka na kumwaga damu, na kwamba la kulia linaelekea huko huko.

Kwa hiyo likabaki jicho moja, la kulia. Twahiri akajifundisha kubana kioo upande huo. Kwa jicho hilo alitengeneza saa, kwa jicho hilo alisoma msahafu baada ya alfajiri, kwa jicho hilo alimtazama Mwanne akipepeta mchele uani. Alilibembeleza kama mtoto mgonjwa. Usiku kabla ya kulala alifunika la kushoto kwa kiganja, ingawa halikuwa linaona kitu, akatazama taa, kuhakikisha tu.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepasua barabara zote, akaja Daktari Emérance. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Lubumbashi, mtu wa kusema taratibu, na alikuja na sanduku la barafu na mashine ya kupiga picha nyuma ya jicho. Alikuwa anafanya utafiti juu ya damu ya watu wenye sukari. Laurette ndiye aliyempelekea Twahiri.

Daktari alianza kwa maneno ya shule. Twahiri akawa anaitikia kwa adabu, ndiyo Mama, ndiyo Mama, na hakuna alichoshika. Emérance akaliona hilo.

"Papa, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Reli. Mimi njo nilikuwa natoa njia."

Ilibidi amweleze ni kazi gani hiyo, kwa kuwa yule mama hakuijua. Emérance alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Basi utanielewa kuliko wanafunzi wangu," akasema. "Kila chembe ya mwili wako iko na kitabu kikubwa cha maagizo. Kitabu chenyewe hakitoki biro, kinabaki ofisini mwake. Zinatoka nakala ndogo ndogo, tunaziita ARN. Kuna nakala zinazobeba mzigo: zinapeleka agizo, na kitu kinatengenezwa. Hizo tulizijua zamani. Lakini kuna zingine, nyingi sana, zisizo na agizo la kutengeneza kitu chochote. Hazina mzigo. Waalimu wetu walizidharau. Wengine waliona ni takataka."

"Na kumbe?"

"Kumbe njo watu wa simu, Papa. Ziko pembeni, hakuna anayeziona, na zinaambia wengine: wewe pita, wewe simama, wewe ngoja kidogo."

Twahiri aliinama akatazama mikono yake. Miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Mwanne alikuwa akisema mume wangu anafanya kazi ya reli, basi. Watoto wake walipokuwa shuleni walitaka baba yao aendeshe treni. Leo daktari msomi anamwambia kwamba ndani ya mwili wa kila mtu, hata wa yule mkubwa mwenye suti, kuna watu wa simu, na wakikosea wao kila kitu kinaharibika. Machozi yalimjaa, akasingizia jicho bovu.

Emérance akaendelea. "Sukari ikikaa juu miaka mingi, hao watu wa simu wa nyuma ya jicho wanakorogeka. Mmoja anapiga kelele kupita kiasi, mwingine ananyamaza kabisa. Mishipa ambayo ilipaswa kusimama inapewa njia. Inaota mahali pasipo na reli, dhaifu, inavuja, inapasuka. Mimi natafuta ndani ya damu nani kati yao anakosea wa kwanza, ili siku moja tumtambue mapema, jicho likiwa bado zima. Na siku nyingine huko mbele, pengine, ipatikane dawa ya kumrekebisha."

Halafu akasema jambo lingine, na lazima lisemwe hapa ili mama wa watu asisingiziwe. Alisema, "Hii si matibabu, Papa. Damu yako itatusaidia kujua, haitakuponya. Ukipata nafasi ya kutibiwa mahali popote, usitungojee sisi." Alisema mara mbili, Laurette akiwa amesimama pale pale, na maneno hayo yalikuwa kwenye karatasi ambayo Twahiri alitia sahihi. Twahiri aliyasikia. Aliyaweka mahali anapoweka maneno ya wahubiri wa redioni.

Aliuliza swali moja tu. "Majibu yatarudi?"

"Yatarudi. Nitayaleta mwenyewe, Mungu akipenda."

Damu ikatoka, vichupa vikaingia kwenye barafu. Twahiri alirudi nyumbani, akatoa kile kitabu cha mistari kilichokaa miaka chini ya nguo, akakifungua ukurasa wa kwanza. Akaandika kwa mwandiko wake wa kazi, akikandamiza kalamu kama alivyozoea: tarehe, saa nne na dakika ishirini, njia imeombwa. Upande wa kulia, safu ya jibu, akaacha wazi.

Mwanne alimwona. Alidhani ni mchezo wa mzee mwenye upweke, akamwacha.

Mwezi wa tatu ukapita, na wa nne. Jicho la kulia likaanza kuona mistari ya ukuta imepinda. Kila Ijumaa baada ya swala Twahiri alipitia kituo cha afya kuuliza kama jibu limefika, na kila Ijumaa Laurette alimwambia halijafika, na kwamba hata likifika halina uhusiano na yeye kutafuta matibabu. Alikuwa anarudi nyumbani ametulia kabisa. Wewe umezoea kuona mtu anayengoja akihangaika, akizunguka, akigombana na watu. Twahiri hakuwa hivyo. Kungoja ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote, aliifanya kwa raha ya fundi.

Mwezi wa saba binti yake Zuhura alipiga simu. Zuhura ameolewa Kigoma, ng'ambo ya ziwa.

"Shikamoo Papa. Sikiliza vizuri. Wamekuja madaktari wa macho huku, wana mashine ya mwanga, leza. Wanachoma ile mishipa inayovuja, jicho linabaki. Watakaa siku kumi tu. Nimeshakuandikisha. Boti inatoka kwenu Jumanne, panda na Mama, mimi nitakuwa bandarini."

"Marahaba, mwanangu. Tutaona."

"Hakuna cha kuona, Papa. Ni Jumanne."

Mwanne alifurahi mpaka akaimba. Alikunja nguo, akakaanga mihogo ya njiani, akaenda kwa jirani kuazima begi lenye zipu nzima. Twahiri alimtazama tu, na siku ya Jumapili akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba safari haiwezekani kwa sasa, jibu halijafika.

Mwanne alidhani hakusikia vizuri. "Jibu ya nani?"

"Ya Daktari Emérance. Njia imeombwa, Mama Zuhura. Hatujui ndani ya jicho nani amepewa ruhusa na nani amesimamishwa. Sasa hawa wa Kigoma waje na moto wao, wachome bila kujua? Hiyo ni treni mbili kwenye reli moja. Mi nimeshaona ginsi inakuwaga."

Mwanne alimkimbilia Laurette. Laurette akaja na sare yake ya kazi, amefunga kituo kabla ya saa, akaketi mkekani akaeleza upya. Utafiti ni utafiti. Leza ni leza. Leza haihitaji kujua ARN yoyote, daktari anatazama ndani ya jicho kwa macho yake, anaona mshipa mbovu, anachoma. Kila siku inayopita mishipa inaongezeka. Jicho hili likimwaga damu kama lile, kwisha.

"Nimesikia, Mama Laurette. Nitangoja kidogo."

"Papa, hapa hakuna treni," Laurette akasema kwa hasira. "Hapa kuna jicho moja."

Maneno hayo yalimwingia, maana Jumanne asubuhi alivaa kanzu safi, akachukua begi, akashuka na Mwanne mpaka bandarini. Mwanne alimshukuru Mungu njia nzima. Ziwa lilikuwa limetulia. Boti ilikuwa imepakia magunia ya mahindi na wanawake wa biashara, na nahodha alikuwa anahesabu vichwa. Mwanne alipanda wa kwanza, akaketi juu ya gunia, akanyoosha mkono kumvuta mumewe.

Twahiri alisimama, mguu mmoja kwenye ubao wa kupandia na mguu mwingine bado nchi kavu. Akatoa simu mfukoni. Alikuwa na nambari ya Emérance, daktari alimwandikia mwenyewe kwenye kikaratasi. Akapiga. Sauti ya mwanamke wa mashine ikamwambia kwa Kifaransa kwamba mwenye simu hapatikani. Akangoja kidogo, akapiga tena. Hapatikani.

"Papa Zuhura, panda," Mwanne akasema.

Nahodha akasema, "Muzee, tunaenda."

Akapiga mara ya tatu. Watu wote ndani ya boti walikuwa wanamtazama, wengine wanasonya. Yeye alikuwa amefumba macho, simu sikioni, kama mtu anayesikiliza waya mrefu wa porini mpaka mwisho wake. Hapatikani. Akarudisha simu mfukoni, na akateremsha ule mguu mmoja kutoka kwenye ubao. Aliona wale mafundi wanne, alisema baadaye. Aliwaona wazi pale juu ya maji kuliko alivyoiona boti.

Mwanne angeweza kupiga kelele. Angeweza kushuka amkamate kanzu mbele za watu, na nahodha na wale wanawake wa biashara wangemsaidia kumpandisha, jambo la dakika mbili. Hakufanya hivyo. Alilelewa kutomwaibisha mume hadharani, na mume wake alikuwa mtu anayejua kungoja. Alishuka, akabeba begi. Walipanda kilima, na boti ikaondoka nyuma yao na nafasi mbili tupu.

Siku kumi zile zikaisha. Madaktari wakaondoka Kigoma.

Jicho la kulia lilimwaga damu wiki ya tatu baada ya hapo, saa tatu asubuhi, mezani kwake Avenue Lumumba, na saa ya bwana harusi ikiwa wazi mbele yake. Aliujua ule uzi mweusi mara tu alipouona. Hakufuta kioo. Alitoa kioo jichoni, akakaa ameshika meza kwa mikono miwili, akatazama barabara, pikipiki zinazopita, mama anayeuza dagaa, mlima ng'ambo, akatazama kila kitu haraka haraka kama mtu anayetupa vitu dirishani nyumba ikiungua. Jirani yake, fundi wa viatu, aliuliza kuna nini. Twahiri akamwomba afunge ile saa ya bwana harusi kabla skrubu hazijapotea.

Zuhura alivuka ziwa akamchukua. Walizunguka hospitali mbili, na daktari wa mwisho akasema damu ilipoganda imevuta ngozi ya ndani ya jicho ikabanduka, na hana la kufanya. Akauliza kwa nini hawakuja mwezi wa saba. Zuhura alitoka nje akalia ukutani. Twahiri alibaki ndani, ameketi wima, anangoja mtu amwambie waende.

Huko Kalemie siku zake zikawa ukurasa mmoja. Mwanne anamshika mkono kumpeleka msikitini, anamrudisha, anamkalisha uani. Meza ya saa iliuzwa kwa fundi wa simu. Msahafu ulibaki juu ya kabati. Mtu mzima aliyekuwa anasoma dakika za saa ya ukutani kutoka mlangoni, sasa anauliza kama ni asubuhi au jioni. Alimwambia imamu waziwazi kwamba anaomba kufa, na imamu akamkemea, na yeye akaendelea kuomba. Mwanne alimsikia. Hakumkemea, maana na yeye usingizini alikuwa anarudi kwenye ile boti, anashuka kutoka kwenye gunia, anamshika mumewe kanzu, anamvuta kwa nguvu zake zote, anaamka mkono wake umeshika shuka.

Jibu lilifika mwezi wa kwanza wa mwaka mpya.

Emérance alilileta mwenyewe, kama alivyosema. Alikuwa na sanduku lile lile la barafu. Alitembea kutoka kituo cha afya pamoja na Laurette, na Laurette hakuwa amemwambia kitu, alishindwa aanzie wapi. Kwa hiyo daktari aliingia uani akitabasamu, akasema hodi Papa, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani. Akamtazama Laurette, akamtazama Mwanne. Akaketi juu ya kibao cha kunawia.

"Papa, ulikuwa unangojea mimi?"

"Nilikupigia," Twahiri akasema. "Mara tatu. Mwezi wa saba, Jumanne, saa mbili na nusu."

Emérance alifunika mdomo. Mwezi wa saba alikuwa nchi ya mbali, huko ziliko mashine za kusoma zile damu, na simu yake ya hapa ilikuwa imezimwa kwenye droo. "Ningekuambia upande boti, Papa. Ningekuambia neno moja tu, panda."

"Ndiyo, Mama. Sasa soma jibu."

Bahasha ilikuwa na karatasi mbili. Emérance hakutaka kusoma, lakini mzee alikuwa amegeuza uso upande wa sauti yake, ametulia kama yuko kazini. Akasoma. Katika damu za watu mia moja na kumi na wawili, ARN fulani zisizobeba agizo zilikuwa juu kupita kiasi kwa wale ambao macho yao yanavuja, na nyingine zilikuwa chini. Inaonekana zinahusika na kuota kwa mishipa mipya. Utafiti zaidi unahitajika. Watafiti wanawashukuru wote waliojitolea damu.

"Na mimi?" Twahiri akauliza. "Hapo panasema mimi nilikuwa wazi ao nilifungwa?"

"Papa, karatasi hii haisemi mtu mmoja mmoja. Inasema wote pamoja. Wewe ni mmoja kati ya wale mia moja na kumi na wawili."

Kuku alipita akadonoa karibu na mguu wa daktari. Twahiri alikuwa amekunja kipaji cha uso kama mtu aliyesikia upande wa pili wa waya ukikoroma na hajashika neno.

"Haisemi mimi," akasema.

"Haisemi, Papa. Nisamehe."

Emérance alianza kulia, kwa sauti, bila kujificha, daktari mzima. Twahiri akamwambia anyamaze, kosa si lake, alimwambia mara mbili asimngojee na yeye alisikia mara mbili. Halafu akauliza lile sanduku alilosikia likiwekwa chini ni la nini. Emérance akajibu kwa shida kwamba ni la barafu, kuna awamu ya pili ya utafiti, wanarudia damu za watu wale wale, lakini kwake yeye hapana, hawezi kumwomba.

Twahiri akakunja mkono wa kanzu mpaka kwenye kiwiko, akaunyoosha.

Mwanne aliingia ndani asione. Alikuwa bado ndani aliposikia mumewe anamwita. "Mama Zuhura, leta kitabu. Andika upande wa kulia: jibu limefika. Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na dakika kumi," Laurette akamjibu.

Mwanne alileta kitabu. Alikaa nacho magotini, kalamu mkononi, akautazama ule mstari mmoja wa mwandiko wa mumewe na nafasi iliyo wazi kando yake. Miaka yake yote na mtu huyu ilikuwa inangoja nafasi kama hiyo ijazwe. Aligusa karatasi kwa kalamu iliyofunikwa, akasogeza mkono huku na huku kidogo.

"Nimeandika," akasema, akampa.

Twahiri alikipokea kitabu, akatafuta ukurasa kwa kidole. Alikuwa anakandamiza kalamu sana siku zote, kwa hiyo mstari wake aliupata mara moja, aliufuata herufi kwa herufi mpaka mwisho. Kidole kikavuka kwenda safu ya kulia. Kikapita pale juu, kikapita chini, kikarudi. Karatasi ilikuwa laini yote, haina alama ya kalamu.

Akafunga kitabu, akamrudishia.

"Asante, Mama Zuhura," akasema.